Wazo la biashara au kazi yenyewe? Tupeane uzoefu

Mzee wa Luthuli: Leo kijana kaja dukani kutaka ushauri wa biashara, lakini eti nitie sahihi kwanza kwamba sitamwibia wazo. Nyinyi mlioanzisha kitu hapa Nairobi, mlibebwa na wazo au na kazi?

Shiru Umoja: Kazi. Wazo kila abiria wa matatu analo.

Mama Nyayo: Hii imenigusa. Nilianza kuchemshia watu wa ploti maharagwe huku Pipeline, maana nyayo, aina ya maharagwe, hukaa jikoni saa nyingi na gesi ni ghali. Nikamweleza rafiki wa chama chetu cha kuweka akiba kila kitu, hadi bei. Muda si muda naye ana bango na aproni. Nililia.

Lakini kilichotaka kunimaliza si yeye, ni stima. Ilipotea Ijumaa usiku, ikarudi Jumapili, na friji imejaa oda za wiki. Kufungua, mifuko imefura, povu jeupe limejaa chini ya fundo, uchachu unanukia hadi kwenye ngazi. Kodi yangu ilikuwa mle. Nikamwaga yote, nikaanza kuwarudishia wateja pesa mmoja mmoja hadi salio likaisha. Wengine walinitukana. Kesho yake nikaenda Nyamakima, nikakopa debe moja la maharagwe kwa mtu anayenijua, nikawasha jiko la makaa. Sasa naloweka jioni, naamka saa tisa usiku kuchemsha, nauza siku hiyo hiyo. Rafiki yangu alishafunga. Bei nilimpa, ile saa tisa hakuiweza.

Fundi Kirinyaga Road: Pole sana, mama. Unaleta Imara Daima?

Msomi Juja: Mnadharau wazo bure. M-Pesa je?

Wakala: Msomi, hapo umejifunga mwenyewe. Kwenye majaribio ya 2005 wazo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wao wakaanza kutumiana pesa, na ilipozinduliwa Machi 2007 hilo la kutuma pesa nyumbani ndilo lililouzwa. Na bila sisi mawakala wenye floti, yaani pesa ya kuhudumia wateja, kibandani ingefika wapi? Mteja ana mgonjwa hospitalini na wewe floti imeisha, ndipo utajua kazi ni nini.

Msomi Juja: Bila wazo ungekuwa unauza nini hapo kibandani?

Wakala: Njugu. Na ningelisha watoto.

Shiru Umoja: Jamani, tumsaidie kijana wa Mzee.

Karani: Mzee, mwambie hakimiliki hailindi wazo tupu, hulinda kilichoandikwa au kutengenezwa. Kama ni uvumbuzi wa kiufundi, aende KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, kabla hajautangaza.

Fundi Kirinyaga Road: Asimwambie mtu. Afungue tu.

Shiru Umoja: Amwambie kila mtu, hasa mwenye hela!

Mama Nyayo: Amuuzie mtu mmoja kwanza, wiki hii, kisha arudi dukani na hiyo pesa mkononi. Fundi, Imara Daima naleta, lakini uniagize kabla ya jioni, kabla sijaloweka.