Sato, kambale au sangara: yupi wa kuvulia nchi kavu na akapendeza mezani?

MgeniWaZiwa
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Mwanza kikazi tangu Machi, nimepanga huku Luchelele, dakika kumi kwa mguu mpaka ziwani. Nyumbani tuko watano na wote ni walaji wa samaki. Mtumbwi sina na kuingia majini sitaki. Ninachotaka ni kukaa na ndoano yangu pwani ya ziwa kila Jumamosi, nirudi na kitoweo.

Wiki tatu nimejaribu kwa minyoo. Nimepata furu wengi wa ukubwa wa kidole, gogogo wawili, wale samaki wa miiba mikali, waliotaka kunitoboa mkono, na kambale mmoja wa maana. Mke wangu alimpika, watoto wakamsukuma pembeni, wanasema ananuka tope. Naombeni mnilinganishie: nishike sato, kambale au sangara? Yupi anapatikana bila mtumbwi, na yupi mtamu kweli?

NdoanoYaUkerewe
Karibu ziwani, mkuu. Mimi nimezaliwa Ukerewe na jibu langu ni sato. Nyama nyeupe, miiba mikubwa inayoonekana, mtoto anakula bila kukwamwa. Kambale anapatikana kirahisi kuliko wote, hilo sikatai, lakini wewe umeuliza kitoweo cha familia.

Tatizo lako ni minyoo iliyolala chini. Huko chini ndiko kwa gogogo, na furu wa mawe hawaachi kitu. Songa ugali mgumu, ukande tena na unga wa ngano kidogo ili usiyeyuke, fanya vidonge vya ukubwa wa punje ya hindi. Ndoano iwe ndogo, mshipi mwembamba, chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, iwe nyepesi kabisa. Kielea kata kwenye ndala iliyokwisha, kinatosha. Chambo kining'inie katikati ya maji, kisiguse chini. Tafuta mahali matete yanapoishia, maji ya kina cha kiuno mpaka kifua, utupie pumba viganja viwili, kisha utulie nusu saa. Usitembeetembee juu ya mawe, sato anakuona.

Akija, kielea hakizami ghafla. Kinatikisika mara mbili tatu, unadhani ni furu, halafu kinalala ubavu na kuanza kutembea. Hapo ndipo uvute. Ukivuta kwenye kutikisika umemkosa, na hatarudi upesi.

Beba na rula. Sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi, mrudishe. Na kabla ya yote jitambulishe kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, cha mwalo wa karibu na umuulize afisa uvuvi kuhusu leseni.

Kisumu_Kwetu
Hamjambo kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku sato tunamwita ngege na sangara ni mbuta. Ndugu mgeni, hao furu unaowalalamikia ndio chambo bora kuliko vyote. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na akawamaliza furu wengi sana, na hadi leo furu akipita mbele yake hamwachi. Mtunge akiwa hai, ndoano ipite nyuma ya pezi la mgongoni, umtupe kwenye mawe yenye kina jua likizama. Mshipi uwe mnene.

Lakini nikuambie ukweli, kwa mtu wa nchi kavu mbuta si wa kutegemea. Wakubwa wako mbali, wanaosogea kwenye mawe ni wachanga. Kwa nyama yeye ni mnono, minofu haina miiba midogo, na kichwa chake kikichemshwa na nyanya na ndimu ni mchuzi wa kumnyanyua mgonjwa. Ila ukikaa jioni tano, huenda nne ukarudi mikono mitupu.

Halafu ukivuta kitu kizito, kirefu kama nyoka, hakina haraka, huyo ni kamongo. Usipeleke kidole mdomoni kutoa ndoano! Meno yake yanakata. Kata mshipi.

NdoanoYaUkerewe
Naongezea hapo kwa sangara: sheria ya kwetu Tanzania hairuhusu wa chini ya sentimita 50. Wengi utakaopata kwenye mawe hawafiki 50, kwa hiyo hata akila ndoano hutampeleka nyumbani. Ndiyo maana sikumtaja.

MamaIgombe
Kaka mgeni, pole na kambale wako, lakini samaki wa watu hana kosa. Nimeuza samaki miaka mingi na nasema hivi: utamu unaanzia kwenye maji aliyotoka na kwenye saa ya kwanza baada ya kuvuliwa. Hata sato ukimwacha juani ndani ya mfuko wa plastiki mpaka saa saba, utakula harufu.

Kambale anapumua hewa, hafi upesi kama wengine. Basi mtumie hivyo hivyo. Mtie kwenye ndoo ya maji safi, funika kwa kitu kizito maana anaruka, badilisha maji asubuhi na jioni, mwache siku moja au mbili bila chakula. Tope linamtoka tumboni. Ukimchinja msugue kwa majivu na chumvi, mwili mzima, ule ute ugeuke povu la kijivu, osha, rudia mpaka ngozi ikwaruze chini ya kiganja badala ya kuteleza. Toa mashavu yote pamoja na vile vinyama vyekundu vya kupumulia vilivyo kichwani kama maua, na ukichana ubavuni utaona ukanda wa nyama nyeusi, uondoe. Malizia na ndimu. Kisha mbanike kwa moto mdogo wa kuni mpaka akauke ndipo umpike kwa karanga. Watoto wale wale wataomba tena.

Sato naye mnampasua tumbo mnamwacha na ule utando mweusi wa ndani. Ukwangue kwa kucha chini ya maji, ndio unaoleta uchungu. Na nyongo isipasuke.

NdoanoYaUkerewe
Mama umenifundisha. Hilo la vinyama vya kichwani sikuwa nikifanya.

MwishoWaReli
Kigoma hapa. Niwasikilize mpaka lini bila kumtaja kuhe? Ziwa Tanganyika maji ni maangavu, unamwona samaki kabla hajakuona. Kuhe ni jamaa wa sato, na katika ukoo wao wote duniani ni miongoni mwa wakubwa kabisa. Nyama yake ni imara, inaachana vipande vipande, na harufu ya tope haijui. Mgebuka ni mtamu lakini anafuatwa kwa boti usiku. Kuhe unaweza kumpata ukiwa umesimama kwenye jiwe, chambo ni dagaa mbichi. Ukiwaona wawili juu ya mchanga wamezungukwa na wingu la vitoto, waache, wanalinda watoto wao.

BwawaLaMtera
Huku kwetu ni perege na kambale. Mvua za kwanza zikitoa kumbikumbi, weka mmoja kwenye ndoano ndogo, aelee, perege anamfuata juu juu. Kwa utamu perege na sato ni ndugu. Mimi kambale wa huku namtoa kwenye mawe, simtoi kwenye tope, na simwoni ananuka. Angalizo: mamba wapo, usichote maji ukiwa umeinama peke yako.

MgeniWaZiwa
Nashukuru sana. Swali moja: nimekuwa nikivulia karibu na mfereji kwa sababu samaki ni wengi pale. Na nikikwama ndoano naingia maji ya magotini kuitoa. Kuna ubaya?

NesiWaKanda
Upo, ndugu yangu, tena mara mbili. Kando ya ziwa hili kichocho ni tatizo la kweli. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa kwenye majani, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, huhisi kitu. Vaa buti za mpira au simama kwenye jiwe, na ndoano ikikwama kata mshipi. Kama umeshaingia mara kadhaa, nenda ukapime, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

La pili, hama hapo kwenye mfereji. Samaki wengi pale wanafuata uchafu. Vivyo hivyo usivulie Mto Mirongo unapoingia ziwani, ule mto umepita katikati ya jiji lote na kubeba kila kitu. Samaki wa maji baridi mpike aive mpaka kwenye mfupa. Na giza likiingia ondoka, viboko wanatoka kula majani pwani.

MamaIgombe
Asante, nesi. Hilo la mfereji ndilo nililotaka kulisema. Kambale wa mfereji hata ndoo ya wiki nzima haimsafishi.

MgeniWaZiwa
Wakuu, mrejesho wa Jumamosi. Nilihamia upande wa matete, mbali na mfereji, buti miguuni. Saa moja ya kwanza kimya kabisa. Halafu kielea kikalala ubavu kama alivyosema mkuu wa Ukerewe, nikangoja, nikavuta: sato, sentimita 29. Wa pili 27. Wa tatu alikuwa 22, nimemrudisha. Nimewapasua pale pale, utando mweusi nimeukwangua, jioni tukawachoma kwa chumvi na ndimu tu. Mtoto wangu wa mwisho alikula mpaka mkia.

Jioni nikatupa minyoo chini kwa kujaribu, nikapata kambale. Yuko kwenye ndoo tangu jana, nimeweka tofali juu ya kifuniko, asubuhi nimembadilishia maji. Mama, majivu ni ya kuni au hata ya mkaa yanafaa?

MamaIgombe
Ya kuni, mwanangu. Yachekeche kwanza.