Visiwa vya Ssese: abiria wa peke yake anakamuliwa, na majaketi okozi yamefungiwa stoo

Wakuu, salaam. Niseme wazi tangu mwanzo: nina hasira, na uzi huu ni wa malalamiko.

Mimi ni Mtanzania wa Mwanza, naishi Kampala, na kila nikipata likizo nabeba begi la mgongoni naondoka peke yangu. Sina kundi, sina wakala, sina gari. Kwa safari za namna hiyo Uganda ni nchi tamu sana ukiwa nchi kavu. Taksi zinafika karibu kila kona, bodaboda anakushusha mlangoni, na ukisimama njia panda unashangaa, mtu atakuuliza unakwenda wapi kabla hujafungua mdomo. Tabu inaanza pale barabara inapoishia kwenye maji.

Ssese ni visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria. Serikali ina meli, MV Kalangala, na ratiba yake tuliyoizoea inajulikana: saa nane mchana inatoka Nakiwogo pale Entebbe, jioni inafika Lutoboka, kesho yake saa mbili asubuhi inarudi. Upande wa Masaka kuna vivuko vya Bukakata kwenda Luku, na hivyo ni bure, hata gari halilipi. Lakini vyote hivyo vinakupeleka kisiwa kimoja tu, Bugala. Ukitaka kwenda Bukasa, Bubeke au Banda, unaachiwa boti za mbao za kwenye mialo, na huko hakuna ubao wa nauli, hakuna tiketi, hakuna saa ya kuondoka. Kuna jamaa amekaa juu ya jerikeni la mafuta, na neno lake ndilo ratiba.

Sasa sikilizeni. Nilifika mwalo mmoja asubuhi, nikitaka kuvuka kwenda kisiwa cha jirani. Wenyeji walikuwa wamenieleza mapema kwamba boti ya abiria ipo siku ile na nauli ni elfu kumi. Jamaa wa boti akanitazama begi, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna wenzangu, akaniuliza, "Dada, uko peke yako?" Nikamjibu ndiyo. Hapo hapo akasema, "Boti ya watu wote imeshaondoka. Labda tukupe spesho." Spesho hiyo, yaani kukodi boti nzima peke yako, wakuu, ni shilingi laki mbili na nusu! Mara ishirini na tano ya nauli ya kawaida, kwa sababu nimekuja bila mtu wa kunisemea.

Nikakaa chini ya mwembe nikangoja. Saa sita hivi boti "iliyoshaondoka" ikaanza kupakiwa mbele ya macho yangu. Magunia ya mkaa, kreti za soda, mabati, viroba vya mukene (dagaa), halafu watu juu ya mzigo. Nilipokwenda kulipa elfu kumi kama wengine nikaambiwa mgeni analipa elfu hamsini. Bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni akawagombeza kwa Kiganda mpaka wakashuka elfu ishirini. Mungu ambariki yule nnyabo, maana hakuna mwingine aliyefungua kinywa.

Bei hiyo ningeweza kuimeza. Nisichoweza kukimeza ni kilichofuata. Nikauliza, jaketi okozi liko wapi? Nahodha akanijibu bila haya kwamba majaketi yapo stoo, yanatolewa askari wakiwa ziwani wanakagua, na kama nalitaka nilipie elfu tano zaidi. Elfu tano kwa kitu ambacho hakuna chombo kinachopaswa kuondoka bila hicho! Nikalipa, nikaletewa jaketi lenye kamba zilizokatika. Yule mjukuu mgongoni kwa bibi hakuwa na lolote. Wala mama mjamzito aliyekaa karibu na injini. Nilipolitoa la kwangu nimpe mama yule, abiria wenzangu wakaniambia nisiwatie watu hofu.

Nimezaliwa Mwanza. Kwetu mwezi Mei tarehe 21 watu wanaijua. MV Bukoba ilizama mwaka 1996 karibu kabisa na kufika, na kuna nyumba mtaani kwetu ambazo picha ya ukutani ndiyo iliyobaki. Septemba 2018 ikaja MV Nyerere kule Ukara, watu zaidi ya 220. Novemba mwaka huo huo, upande huu wa Uganda, boti ya starehe ilizama karibu na ufuko wa Mukono ikiwa imepakia kupita uwezo wake, wakafa zaidi ya watu 30. Na kwa wale watakaoniambia hayo ni ya zamani: Agosti 2023 boti iliyotoka kijiji kimoja cha wilaya ya Kalangala, yaani huku huku Ssese, kwenda mwalo wa Kasenyi karibu na Entebbe ilizama alfajiri, watu 20 wakapoteza maisha. Polisi walisema ilizidiwa na mzigo na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mzigo wenyewe ni upi? Mkaa, vyakula na mukene. Ndicho nilichokuwa nimekalia mimi.

Mtu asiniambie ziwa ni tulivu kwa sababu ameliona mchana likimetameta. Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana ardhi inapata joto na upepo unavuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa haraka, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kuingia ziwani, unakutana katikati na kupanda, na hapo ngurumo zinazaliwa. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani ni za usiku wa manane na alfajiri. Na boti za mizigo zinapenda kuondoka saa ngapi ili ziwahi soko? Saa hizo hizo!

Najua kuna watakaokuja hapa chini na maneno. Wa kwanza atasema, kama huna hela ya spesho kaa nyumbani. Ndugu yangu, mwalimu wa shule ya kisiwani hana hela ya spesho. Mvuvi anayempeleka mtoto hospitali hana. Mimi nimepita siku moja nikaondoka, wao wanapanda boti ile ile wiki baada ya wiki, jaketi likiwa stoo. Nikidai jaketi sidai anasa ya mtalii.

Wa pili ataniuliza mwanamke anatafuta nini visiwani peke yake. Swali hilo nimeulizwa kila mahali, na mwenye nyumba ya wageni mmoja alikataa kunipa chumba mpaka nimpigie simu "mume wangu" athibitishe. Sina la kujieleza kwa mtu wa namna hiyo. Pesa yangu ni halali na kitambulisho changu ni halali.

Wa tatu, na huyu ndiye ananikera kuliko wote, atasema "Afrika ndivyo ilivyo". Uongo! Uganda hii hii ina mpangilio ikitaka. Nenda ukaulize bei ya kibali cha kuona sokwe wa milimani kule Bwindi: mgeni wa nje dola 800, mgeni mkazi dola 700, raia wa Afrika Mashariki shilingi laki tatu. Imeandikwa, imetangazwa, na hakuna mlinzi wa msitu atakayekutazama begi akapanga ya kwake. Na vile vivuko vya Luku nilivyovitaja vinavusha watu na magari kila siku bila kumtoza mtu senti. Kwa hiyo uwezo upo. Kilichokosekana ni mtu wa kujali wanaoishi ng'ambo ya Bugala.

Tena hawa watu wa Ssese historia imewatesa vya kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliwaua kwa maelfu, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki, visiwa vikaachwa vitupu kwa miaka. Vyombo vya kuwatoa watu visiwani vilipatikana wakati huo. Leo wamerudi, wamejaa, wana shule na misikiti na makanisa, na bado chombo cha kuwavusha salama hakijaonekana.

Sheria nayo ipo. Uganda ilipitisha sheria ya usafiri wa majini mwaka 2021, na haikupitishwa ili majaketi yakae stoo yakisubiri mkaguzi. Ninachotaka ni kidogo mno. Kila mwalo uwe na ubao wenye nauli na siku za boti, kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Jaketi livaliwe kabla injini haijawashwa, na yawepo ya watoto, maana ya watu wazima mtoto anachomoka chini. Magunia yawe na boti yao. Na boti ya abiria isiondoke usiku. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Visiwa ni vizuri, sitaki mtu anielewe vibaya. Bukasa ina msitu ambao ukiingia unasikia kasuku wa kijivu juu ya kichwa chako kabla ya kuwaona, na watu wake walinilisha samaki bila kunidai kitu. Ndiyo sababu nakasirika. Nchi inawaalika wageni, halafu inawakabidhi kwa jamaa wa jerikeni.

Basi wakuu, wakati tunawasubiri wahusika, tusaidiane wenyewe. Mwenye uhakika na boti za abiria za visiwa vya nje ya Bugala aandike hapa: mwalo gani, siku gani, saa ngapi, nauli ya mwenyeji ni kiasi gani, na kama nahodha anatoa majaketi au la. Mkiandika msitaje majina ya watu, tajeni mwalo na siku. Nitakusanya yote niyaweke juu ya uzi, na Jumatatu nitayachapisha nipeleke nakala kwenye ofisi ya wilaya Kalangala kwa mkono wangu. Anayetaka kuongozana nami aseme.