Mdogo wangu kapata kazi ya urubani, bondi ni miaka 3 na mdhamini ni Baba. Asaini?

MtuWaKisauni

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu, maana nyumbani kwetu wiki hii mazungumzo ni haya haya asubuhi na jioni.

Mdogo wangu wa kike ana CPL, yaani leseni ya rubani wa biashara, na amefuzu kuruka kwa kufuata vyombo vya ndani ya ndege na kwenye injini mbili. Alisomea uwanja wa Wilson, Nairobi. Ada ilitoka kwenye kiwanja chetu cha Mtwapa, na iliyobaki ni mkopo ambao Baba anaulipa mpaka leo ingawa keshastaafu bandarini. Tangu apate leseni anatuma maombi, na jibu ni lile lile: saa zako za kuruka chache. Wengine hata hawajibu.

Sasa kampuni moja ya ndege ndogo imemwita. Atakuwa rubani msaidizi kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kubeba watalii kutoka Ukunda na Mombasa kwenda Maasai Mara, na safari za Lamu zikitokea. Mshahara wa msingi ni elfu 70, halafu kuna posho kwa kila saa anayoruka. Kampuni itamfundisha ndege hiyo kwa gharama yake, na kwa sababu hiyo anasaini bondi ya miaka 3 ya shilingi milioni moja na nusu. Akiondoka kabla, anazilipa. Isitoshe wanataka mdhamini mwenye mali. Baba ameshaitoa hati ya nyumba, anasubiri kuambiwa atie saini wapi.

Mimi ndiye ninayesema tungoje. Mama ananiona namzibia mwenzangu riziki. Mtoto mwenyewe yuko radhi asaini hata leo, na simlaumu, amengoja sana. Lakini nyumba ile ndiyo tuliyo nayo. Na nikisoma zile karatasi naona anayefungwa ni upande wetu tu. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Nyota ya Tudor

Asaini kazi, nyumba isiguswe. Ni mambo mawili tofauti, msiyachanganye.

Rubani Mstaafu

Kaka, salaam. Nimerusha ndege za rafadha miaka mingi, tangu Lokichogio enzi za misaada ya Sudan hadi njia za Malindi na Lamu, na vijana wengi wamepita mikononi mwangu. Nakupa ninayoyajua.

Rubani mpya mshahara wake hasa ni saa. Akiwa na mia mbili na kitu, hata sheria inamruhusu kukaa kiti cha kulia lakini hakuna anayemhitaji. Akifikisha 1,500 anaweza kuchukua ATPL, leseni ya juu ya urubani, na hapo kampuni za Dash 8, zile ndege kubwa za rafadha, zinaanza kupokea simu zake. Kwa hiyo mkataba huo usiusome kuanzia kwenye shilingi. Tafuta mstari unaosema atarushwa saa ngapi kwa mwezi. Bondi nyingi nilizoziona zinamfunga rubani kwa miaka, ila kampuni haifungwi kumrusha hata saa moja. Nimekuta vijana pale Wilson wana bondi zao, wanashinda wakipima mabegi ya abiria na kujaza karatasi za uzito, na daftari la saa halisogei. Hao wanaumia mara mbili, kwa sababu wakiondoka wanadaiwa na wakibaki hawakui.

Halafu angalia msimu. Nyinyi wa Pwani hamhitaji kuelezwa. Julai hadi Oktoba nyumbu wako Mara, ndege hazitulii chini. Desemba Diani inajaa. Masika yakianza, Aprili na Mei, hoteli kadhaa zinafunga milango, viwanja kama Ol Kiombo vinakuwa tope, na posho ya saa inakauka. Mwezi kama huo ataishi kwa elfu 70 tupu. Ikiwa kituo chake ni Wilson, kodi ya Nairobi itazila karibu nusu kabla hajanunua unga. Ndiyo maana mikataba mizuri ina saa za chini zinazolipwa, uruke usiruke.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawaliulizi, nami nataka mdogo wako aliulize kabla ya yote. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Je, kitabu cha uendeshaji cha kampuni, kile kilichopitishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kinadai marubani wawili kwenye safari hizo? Kikidai, saa zake za kiti cha kulia ni halali na hakuna wa kuzibisha. Kisipodai, basi yuko pale kama msindikizaji, na siku kampuni kubwa itakapofungua daftari lake huenda ikazipunguza saa hizo au ikazikataa zote. Miaka 3 ya ujana wake iko kwenye jibu hilo. Asikubali jibu la mdomo, aoneshwe ukurasa.

Na kuhusu kuhamia kiti cha kushoto, cha kapteni, mara nyingi anayeamua ni bima. Mkataba wa bima wa kampuni ndio unaotaja kapteni wa ndege hiyo awe na saa ngapi. Aulize idadi.

MtuWaKisauni

Mzee, Mungu akupe afya. Nimempigia, tumeusoma pamoja mstari kwa mstari. Saa za chini hazimo. Kituo kimeandikwa "popote kampuni itakapoona inafaa". Bondi haianzi siku ya kusaini, inaanza siku atakapofaulu mtihani wa mwisho wa kuruka na abiria. Na deni halipungui: akiondoka mwezi wa pili au mwezi wa thelathini na tano, ni milioni moja na nusu ile ile.

Wakili wa Mvita

Kaka, hapo kwenye deni lisilopungua ndipo pa kushika kwanza. Bondi ya mafunzo si haramu. Mahakama ya kazi huangalia kama mafunzo yalitolewa kweli, yaligharimu kiasi gani, na kama anachodai mwajiri ni hasara yake au ni adhabu tu. Mtu aliyetumikia miezi 35 amesharudisha karibu yote, hivyo kumdai kiasi kizima kunanuka adhabu. Lakini msingoje kwenda kuyasema hayo mbele ya hakimu. Ombeni sasa deni ligawanywe kwa miezi 36 na kila mwezi anaofanya kazi lipungue sehemu moja. Ombeni pia risiti au mchanganuo wa gharama. Kozi ya Caravan haina simuleta za ng'ambo, zile mashine za kuigiza kuruka, kama kozi za jeti, kwa hiyo waeleze hiyo milioni moja na nusu imefikaje.

Tarehe ya kuanza nayo ni mtego. Mtihani wa mwisho ukicheleweshwa miezi minane kwa sababu kapteni mwalimu hayupo, bondi ya miaka 3 imekuwa karibu 4. Iandikwe tarehe, au angalau kikomo.

Someni kama kuna kifungu cha kampuni kumwachisha yeye. Mwaka 2020 korona ilipozizuia ndege, marubani wengi waliachishwa wakiwa hawana kosa. Iandikwe wazi kwamba akipunguzwa kazi, au akipoteza cheti cha afya, bondi inakufa siku hiyo. Bila hivyo mtabishana baadaye.

Na wakisema watakata deni kwenye mshahara, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili ya ujira. Kipindi cha majaribio nacho hakizidi miezi 6, isipokuwa yeye mwenyewe akubali kuongezewa.

Hati ya nyumba isitoke. Mdhamini akiwa lazima, awe mdhamini wa jina tu, na kwa kiasi kinachopungua pamoja na deni. Mzee akishaweka hati rehani, hata shauri likiwa na haki atalipigania akiwa na wasiwasi wa kulala nje.

Mama wa Bamburi

Jamani, huyu ni mtoto wa kike na hakuna aliyeligusa hili. Akiolewa, akashika mimba, kuna miezi hataruhusiwa kuruka. Sheria inampa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, lakini bondi je? Inasimama na kuongezewa miezi nyuma yake, au inaendelea kuhesabika? Na ile miezi ya mimba ambayo hayuko angani, atapewa kazi ya ofisini au ataambiwa akae nyumbani bila posho? Iulizeni kampuni sasa hivi, mwanangu, angali hana mume wala mimba, ili isionekane anajitetea.

Mpanga Zamu

Nimekaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya kupanga zamu za marubani, kampuni ndogo kama hiyo. Niwasemee kidogo wenye ndege, halafu niseme na ya kwangu.

Unamchukua kijana mwenye saa mia mbili. Unamfundisha kwa mafuta yako, na kapteni mwalimu unamlipa wewe. Akianza kuiva, kampuni yenye Dash 8 inamchukua. Hao wa Dash 8 nao wanachukuliwa watu wao na kampuni za jeti, na wa jeti wanaitwa Ghuba, Emirates na Qatar. Anayefundisha wote hao ni yule wa chini kabisa, mwenye nauli ya Ukunda kwenda Mara, na nauli hiyo haiwezi kushindana na mshahara wa Doha. Bondi imetoka hapo. Si roho mbaya peke yake.

Lakini kwa niliyoyaona, bondi haikutubakizia watu. Iliwachelewesha tu, na wengine walianza kuhesabu siku kama wafungwa. Anayehesabu siku harushi ndege kwa moyo. Waliobaki kwa hiari walibaki kwa mambo madogo ambayo hayakuwa na gharama kubwa: ratiba ya mwezi mzima inatoka mapema, wa Pwani analala Pwani, na orodha ya nani anafuata kupanda ukapteni imebandikwa ukutani, mtoto wa mwenye hisa harukishwi juu ya wenzake. Kwa hiyo mdogo wako akienda ofisini kwao aombe kuona ratiba ya mwezi uliopita. Ikiwa imekatwakatwa kwa kalamu kila siku, ajue anakwenda wapi.

Mswahili Ughaibuni

Salaam kutoka Ohio. Huku watu wa nyumbani wananiuliza kila mara kwa nini wasije kuruka kwenye kampuni za mikoa za Marekani, zile ndogo zinazorusha safari fupi kwa niaba ya kampuni kubwa, kwamba zinalipa sana. Naomba niwaeleze.

Zamani zililipa vibaya mno. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, Dash 8 kama hizi zinazotua Mombasa, ilianguka karibu na Buffalo wakafa watu 50. Uchunguzi ulionesha rubani msaidizi alikuwa akiishi Seattle kwa wazazi wake na usiku wa kuamkia safari alivuka nchi nzima ili afike kazini Newark. Watu walishtuka kusikia marubani wa ndege yenye abiria wanaishi hivyo. Bunge likapitisha sheria 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa ndege za abiria za ratiba anatakiwa awe na ATP, ambayo ni kama ATPL ya huko nyumbani, yaani kwa kawaida saa 1,500. Wale wawili wa Colgan wote walikuwa wameshazipita, na ubishi juu ya kanuni hiyo haujaisha mpaka leo.

Baada ya korona kampuni kubwa zikawanyonya wa mikoa marubani wao, safari zikafutwa kwa kukosa watu wa kurusha. Ndipo mishahara ikapanda. Juni 2022 kampuni za mikoa zilizo chini ya American Airlines zilipandisha malipo ya rubani msaidizi mpya hadi kiasi cha dola 90 kwa saa, nyongeza ya muda ikiwa ndani. Kwa hiyo fedha ilikuja pale marubani walipoadimika, na huko kwetu mwenye saa mia mbili hajaadimika. Anayeadimika ni kapteni. Mdogo wako asidai dola, adai njia ya kufika ukapteni.

MtuWaKisauni

Nawashukuru wote, kwa kweli. Jana amezungumza nao kwa simu, nami nilikuwa pembeni. Deni kupungua kila mwezi wamekubali. Hati ya nyumba wameiacha, watachukua saini ya Baba peke yake. Kifungu cha kupunguzwa kazi na cha uzazi wamesema watamwuliza wakili wao. Juu ya marubani wawili, wanasema kitabu chao kinadai wawili kwenye safari zote za watalii, na wamemkaribisha akaone mwenyewe. Saa za chini wamekataa katakata. Wanasema hakuna kampuni ndogo inayoweza kuahidi hilo. Ameniuliza kama hapo ndipo pa kuvunja mazungumzo, sikuwa na jibu.

Rubani Mstaafu

Asivunje. Hayo waliyokubali si haba, na la kitabu ni zito kuliko yote. Kuahidi saa kila mwezi kampuni ya msimu haiwezi kweli, hapo hawadanganyi. Abadilishe ombi: badala ya saa za mwezi, ziandikwe saa za mwaka. Mwaka ukiisha hajafika kiasi walichokubaliana, na si kwa kosa lake wala ugonjwa, awe huru kuondoka bila deni. Kampuni yenye kazi ya kutosha haitaogopa kifungu hicho.

Siku ya kwenda kuona kitabu, amtafute rubani msaidizi aliyeajiriwa mwaka jana, wale huwa pale uwanjani wanangoja abiria. Amwombe kwa adabu amwoneshe kurasa za mwisho za daftari lake, aangalie mwezi wa Mei na mwezi wa Agosti. Na leseni yake halisi asiiache ofisini kwa mtu hata kwa usiku mmoja, wapewe nakala.