Mjadala: Wakuu wa saikolojia ni akina nani, na nani kawapima?

Hoja
Kuna rasimu ya kozi ya ushauri nasaha inayozungushwa hapa Mombasa. Inaanza na "wakuu kumi": Wundt, James, Freud, Pavlov, Watson, Skinner, Piaget, Rogers, Maslow na Beck. Freud kapewa wiki tatu, Skinner saa mbili. Hakuna mwanamke, hakuna Mwafrika, hakuna aliyeandika kwa Kiarabu. Iachwe hivyo au ifumuliwe?

Mhadhiri, Tudor
Tuanze na mizani. Orodha inayotajwa sana ni ya mwaka 2002, ya Steven Haggbloom na wenzake: Skinner wa kwanza, Piaget wa pili, Freud wa tatu, Bandura wa nne. Walihesabu mtu ametajwa mara ngapi majaridani na katika vitabu vya kiada, wakawapa wanasaikolojia wa Marekani dodoso, kisha wakaangalia heshima za taasisi za hukohuko Marekani na kama jina la mtu limezaa istilahi. Anayetajwa ili apingwe huhesabiwa sawa na anayetajwa ili afuatwe, na hapo Freud huvuna sana. Naye Lambo, daktari wa akili aliyefanya kazi Abeokuta, Nigeria, au mwenzake Fanon wa Blida, Algeria, wapate wapi mlango wa kuingilia kwenye mizani hiyo? Wundt simtoi, maana maabara yake ya Leipzig ya 1879 ndiyo iliyoonyesha kwamba mambo ya akili yanapimika. Lakini nusu saa inamtosha.

Mshauri nasaha, Kisauni
Skinner saa mbili! Huyu ndiye aliyechunguza jinsi malipo yanavyojenga tabia, na kijana anayebeti kwa simu usiku kucha haelezeki bila yeye. Katika majaribio yake, njiwa akipewa punje kila akidonoa mara 10, akishaipata hupumzika kidogo ndipo aanze tena. Akipewa kwa wastani wa mara 10, leo ya 3, kesho ya 25, hapumziki. Na punje zikikatwa kabisa, huyu wa pili ndiye achelewaye kuacha. Michezo ya beti hulipa kwa mtindo huo wa pili.

Ushauri unaharibika pale tunapomwambia kijana "jizuie" huku pesa na simu viko mkononi mwake. Kwanza aandike kila dau kwa wiki mbili: saa ngapi, kiasi gani, alikuwa wapi, nini kilitangulia. Ikionekana kwamba dau hufuata malipo ya kibarua kuingia kwenye simu, basi shughulika na hapo: malipo yapitie kwa mtu anayemwamini. Na aonywe mapema kwamba siku za mwanzo hamu huzidi kabla ya kupungua. Akiteleza siku ya sita akashinda hata shilingi 200, mnaanza upya, tena kwa ugumu zaidi.

Mwalimu wa chekechea, Likoni
Sikatai, ila aliyeingia darasani ni Piaget, aliyechunguza fikra za watoto zinavyokua, na ndiye anayeharibiwa zaidi. Jaribio la maji mwalijua: gilasi mbili sawa, maji sawa, mtoto akiri kwamba ni sawa. Unamimina ya gilasi moja kwenye gilasi nyembamba ndefu mbele yake, unauliza. Wa miaka 4 au 5 husema ya gilasi ndefu ndiyo mengi. Wengi huishia hapo wakaandika "bado".

Kosa la kwanza liko kwenye ulimi. Ukiuliza "Ipi kubwa?" umeuliza habari ya gilasi. Ukiuliza "Ipi imejaa?" umeuliza ukingo. Lazima maji yenyewe yatajwe: "Maji ya huku na ya huku ni sawasawa, au kuna mengi zaidi?" Kosa la pili ni kuuliza mara mbili, kabla na baada ya kumimina. Mtoto mwenye adabu akiulizwa tena jambo lilelile na mtu mzima hudhani jibu la kwanza halikupendeza. Mwaka 1974 Rose na Blank waliuliza mara moja tu, baada ya kumimina, makosa yakapungua. Miaka ya 60 huko Senegal, Patricia Greenfield aliwaachia watoto wa Kiwolofu wamimine wenyewe, na majibu yakawa bora. Alipomimina yeye, wapo waliodhani ni yeye aliyeyazidisha maji!

Mtafiti wa malezi, Nyali
Kumi bila Mary Ainsworth, aliyechunguza jinsi mtoto anavyofungamana na mama, ni aibu, hasa kwetu Afrika Mashariki. Kabla ya utafiti wake wa Baltimore, Marekani, mwaka 1954 na 1955, alikuwa kwenye vijiji vya karibu na Kampala, familia 26, akizuru kila moja baada ya wiki mbili. Hapo ndipo alipoona mtoto akimfanya mama kituo chake: anatambaa kwenda kuchunguza, anarudi, anakwenda tena. Utaratibu wake wa baadaye, mama akitoka chumbani na kurudi, una vipande 8, vingi vya dakika 3. Kinachotazamwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama akirudi. Kilio cha mtoto mama akitoka hakitoshi. Mtoto wa nyumba yenye bibi, shangazi na binamu, ambaye hajaachwa peke yake hata siku moja, atalia mpaka mtaa wa pili usikie. Kipande hicho kikatizwe mapema, asiandikiwe kasoro.

Ustadh, Mji wa Kale
Yakhe, mwaruka karne. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, aliandika juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alitenga hasira, hofu, huzuni na waswasi, yaani fikra zinazomng'ang'ania mtu, na huzuni akaigawa tena: yenye sababu inayojulikana na isiyo nayo. Akashauri mtu angali mzima ajiwekee akiba ya fikra njema, kama awekavyo dawa nyumbani kabla hajaugua. Mtoeni Maslow.

Mhadhiri, Tudor
Ustadh, kwa heshima, ukubwa ni kitu kimoja na athari ni kingine. Athari ina mnyororo: nani alimsoma, akabadilisha nini. Beck, mwanzilishi wa tiba ya kurekebisha fikra, alisomea njia ya Freud ya kuchimba yaliyofichika akilini, akachunguza ndoto za wagonjwa wa sonona akitafuta hasira iliyogeuzwa ndani, akakuta kushindwa na kupotelewa. Ndipo akageukia fikra zenyewe. Bila Freud, Beck hana mahali pa kuanzia.

Ustadh, Mji wa Kale
Mnyororo haupo, nakubali. Lakini neno "wasiwasi" limo kinywani mwa kila anayeingia kwenu. Kozi ni ya historia au ya kazi?

Mshauri nasaha, Kisauni
Ya kazi. Basi Freud siku mbili, na aingie kwa mlango huo wa Beck. Siku zinazobaki apewe Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, aliyewafunza akina nyanya wa Harare kusikiliza watu benchini. Matokeo yalichapishwa 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na dodoso la maswali 14. Mteja hutaja matatizo yote, huchagua moja, hupanga hatua moja. Wanafunzi hukosea kwa kumchagulia: mama kasema deni la duka, wao wang'ang'ania ndoa.

Mwalimu wa chekechea, Likoni
Na dodoso hilo likiletwa kwa Kiswahili, lisitafsiriwe na mtu mmoja. Wa pili alirudishe katika lugha lilikotoka bila kuona asili, kisha maandishi mawili yalinganishwe. "Moyo unanienda mbio" ikirudi kama ugonjwa wa moyo, swali hilo bado.