Prosesa ya 5800X inachemka na UPS inazima nikirenda, nishushe volti vipi?

mkata_harusi
Wakuu habari za usiku. Nina deskitopu ya Ryzen 7 5800X, vipuri nimeokoteza kimoja kimoja Kariakoo, kazi yangu kuediti video za harusi na sendoff. Nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika) tu prosesa inapanda mpaka nyuzi 89, 90, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, na chumba hakina AC, joto la Dar mwezi wa pili mnalijua wenyewe. Kinachoniumiza zaidi ni UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni ya VA 650, umeme ukikatika katikati ya kurenda inalia mara mbili tatu inazima, wakati nikiwa napanga mafaili tu inanishikilia hata dakika kumi. Vumbi nimepuliza, pesti ya prosesa nimebadilisha juzi. Kuna jamaa kaniambia nishushe volti kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka. Haitaua prosesa? Na naweka ngapi? LUKU nayo inakimbia kama daladala la mwisho.

volti_ndogo
Rahisi sana mkuu. Ingia bayosi, tafuta volti ya CPU, weka ofseti ya kutoa volti 0.1, sevu, toka. Mimi natumia hivyo mwaka wa pili huu, joto limeshuka nyuzi 12 na kasi iko pale pale GHz 4.5. Haiui, kinachoua ni kuongeza.

fundi_bayosi
Kwenye kutoua nipo na wewe, ila hiyo ofseti kwenye Ryzen hizi inadanganya watu wengi. Prosesa ikiona volti haitoshi inanyoosha mapigo yake yenyewe ili isianguke, skrini inakuandikia 4.5 kumbe kazi inayofanyika ni ya chini ya hapo. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, shuka mpaka kwenye mstari wa Effective Clock (kasi halisi) wakati mzigo umejaa, ndio utajua umepata au umepatikana.

Sasa mleta mada, anza na kitu kingine kabisa. Ile wati 105 ya kwenye boksi isikuchanganye, 5800X kiwandani imeruhusiwa kuvuta hadi wati 142, hiyo ndio inaitwa PPT. Kwenye bayosi washa Eco Mode ya wati 65, PPT inashuka hadi 88 na hujagusa volti hata kidogo, prosesa inajipunguzia yenyewe. Zile wati za mwishomwisho zilikuwa zinanunua kasi kidogo sana kwa bei kubwa, maana umeme unaoliwa unakwenda na volti mara volti, ukitoka 1.30 ukaja 1.20 kwa kasi ile ile umeokoa kama asilimia 15.

Ukishazoea hapo ndio uende Curve Optimizer, ya kushushia volti kori kwa kori, iko ndani ya PBO (menyu ya AMD ya kurekebisha kasi). Chagua negativu, kori zote (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa), anza na 10. Alama moja ni kama milivolti 3 hadi 5, kwa hiyo usione 30 ukadhani ni namba ndogo.

kijana_wa_intel
Samahani kuingilia, mimi nina i5-12400, menyu ya volti naiona ila nikibadilisha hakuna kinachotokea???

fundi_bayosi
Hiyo haina K mwishoni mwa jina dogo, Intel kwa sehemu kubwa wameifunga. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa mtu akishusha volti kwa programu anaweza kuikosesha prosesa hesabu mpaka siri zilizofichwa ndani zikavuja, wakaiita Plundervolt, tangu hapo milango mingi imefungwa. Wewe cheza na PL1 na PL2, mipaka ya wati ya muda mrefu na ya muda mfupi, za kiwandani ni wati 65 na 117. Mazabodi nyingi zinaziachia juu sana bila kukuambia, zirudishe utaona tofauti.

mkata_harusi
Nimerudi wakuu. Eco Mode imekubali bila shida, ila kwa tamaa yangu nikaruka moja kwa moja negativu 30 kori zote. Cinebench, programu ya kupima prosesa, ikapita, nikarenda masaa matatu ikapita, nikalala nimefurahi. Asubuhi nafungua WhatsApp tu kwenye brauza, kompyuta ikajizima ikajiwasha. Mara nne kwa siku moja, tena haina kazi yoyote!! Inawezekanaje ibebe gunia halafu iangushwe na kijiko?

fundi_bayosi
Hahaha ndio tabia yake. Mzigo ukijaa kori zote zinakimbia chini kidogo, ila ukifungua kitu chepesi kori moja inaruka peke yake hadi GHz 4.7 na zaidi, na huko juu ndiko volti uliyokata inakosekana. Ndio maana Cinebench haitoshi, tumia CoreCycler inayopima kori moja moja, iache usiku kucha. Nenda Event Viewer ya Windows tafuta WHEA-Logger (kumbukumbu ya hitilafu za vifaa) namba 18, ndani kuna APIC ID, kila kori inazo mbili, kwa hiyo igawe kwa mbili unapata kori iliyoanguka.

mkata_harusi
Zote zinasema APIC ID 4, kwa hiyo kori namba 2?

fundi_bayosi
Ndio hiyo hiyo. Na nakuhakikishia ni mojawapo ya zile ambazo Ryzen Master, programu ya AMD, inaziwekea nyota au kidoti, kori bora mara nyingi hazitaki kukatwa sana maana kiwandani zimeshabanwa. Iweke 10, nyingine rudisha 20.

mkata_harusi
Mrejesho baada ya wiki mbili. Kori 2 ni 8, zilizobaki 20, haijaanguka tena. Cinebench R23 ilikuwa 15,100 sasa 14,300, joto halipiti nyuzi 69, na harusi iliyokuwa inarenda dakika 31 sasa ni 33. Jana umeme umekatika nikiwa katikati, UPS imelia lakini imeshikilia, nimeshuka ngazi nimewasha jenereta nimerudi bado inarenda. LUKU kwa hesabu zangu ni wati 50 hivi kwa masaa sita kila siku, kama uniti 9 kwa mwezi, sio utajiri ila ipo.

volti_ndogo
Wakuu nimeangalia huo mstari wa Effective Clock leo. 4.5 yangu ni 4.08. Miaka miwili!! Naingia bayosi sasa hivi naanza upya.