Je, kujiunga na LinkedIn kuna faida kwa mtu ambaye tayari ana kazi?

MnunuziWaDonholm aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Ninafanya kazi katika idara ya ununuzi na ugavi ya kiwanda kimoja kilichoko Eneo la Viwanda, hapa Nairobi. Mshahara huingia kwa wakati na sina ugomvi na mtu, lakini nafasi ya kupanda cheo haipo, kwa kuwa walio juu yangu ni jamaa za mwenye kiwanda, nao hawaonyeshi dalili ya kustaafu leo wala kesho. Vijana wa ofisini wananihimiza nijiunge na LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi na taaluma, wakidai kwamba mwajiri wa siku hizi asipokuona huko hana habari nawe. Mimi nina shaka. Juzi, wakati wa chakula cha mchana, mmoja wao alinionyesha ukurasa wake kwenye simu: huyu anaishukuru familia yake kwa kupata cheti cha mafunzo ya saa mbili, yule anasimulia jinsi alivyomsaidia ombaomba akiwa njiani kwenda kwenye mahojiano ya kazi, na mwingine anapongezwa na watu wengi ambao sidhani kama wamewahi kumwona. Sikuona hata mmoja aliyezungumzia bei ya malighafi au makontena yanayochelewa bandarini.

Ningependa kujua kutoka kwa walioutumia mtandao huo kama kweli kuna mtu wa taaluma yangu aliyepata kazi kupitia huko, kama inafaa kuulipia, na zaidi ya yote, kama meneja wangu atajua kwamba ninatafuta mahali pengine. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi.

FundiMkuu_Ruai alijibu:

Dada, usijisumbue. Mimi ni mkandarasi wa umeme, na kazi zangu zote nimezipata kupitia wahandisi na wakadiriaji majenzi ambao tumewahi kufanya kazi pamoja. Mtu akiridhika na nyaya ulizomwekea Syokimau, anakuita Kitengela. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hayo uliyoyaona kwenye simu ya kijana huyo ndiyo kujitembeza kwenyewe. Ukitaka kuhama, zungumza na wauzaji wanaoleta bidhaa kiwandani kwenu, kwa maana wao huingia katika viwanda vyote na wanajua ni wapi panapohitaji mtu.

AfisaAjira_UpperHill alijibu:

Nimefanya kazi ya kutafuta watumishi kwa niaba ya makampuni kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakueleza yanayotendeka upande wa pili wa meza. Mtandao huu ulianzishwa mwishoni mwa 2002 na Reid Hoffman pamoja na wenzake, ukafunguliwa kwa umma Mei 2003, na mwaka 2016 Microsoft ikaununua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Thamani hiyo yote imo katika daftari la watu na kazi zao, na sehemu kubwa ya mapato hutoka kwa watu kama mimi, ambao waajiri wetu hulipia programu ya kulipekua daftari hilo. Zile pongezi zilizokuchosha ni kelele za sokoni tu, na unaweza kukaa miaka bila kuandika hata neno moja na bado ukapatikana.

Kupekua kwenyewe hufanyika hivi. Kampuni ikiniambia inataka afisa wa ununuzi anayevielewa vifungashio, mimi huandika jina la cheo, mji, na maneno mawili matatu ya kitaalamu, kama vile SAP (programu ya kompyuta ya kuendeshea shughuli za kampuni) au CIPS (taasisi ya Uingereza inayotoa vyeti vya ununuzi na ugavi), kisha programu huniletea orodha. Nikikuta wasifu unaosema kwamba mtu ni “mchapa kazi mwenye ari na maono”, naupita, kwa kuwa maneno hayo hayajibu swali lolote nililopewa na mwajiri. Nikikuta “Afisa wa ununuzi, malighafi za plastiki na vifungashio, SAP, diploma ya CIPS daraja la 4, mwanachama wa KISM, Nairobi”, nasimama na kuusoma hadi mwisho (KISM ni taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi ya Kenya). (Andika kwa Kiingereza, bila shaka, sijawahi kupewa maneno ya kutafutia kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kusikitisha lenye mjadala wake.) Chini ya kila kazi uliyofanya, taja ulichokuwa ukikinunua, kutoka nchi gani, na mfumo uliokuwa ukiutumia. Watu wengi wa taaluma yako huandika “nilishughulikia ununuzi” kisha wakashangaa kwamba hawapigiwi simu.

Matumizi ya pili hayazungumzwi sana. Mtu akishapita mahojiano, huwa tunafungua ukurasa wake kulinganisha tarehe na vyeo na vile alivyoandika katika wasifukazi aliotuletea. Mji huu una vyeti ghushi vya kutosha, na mwajiri aliyewahi kuumwa na nyoka huogopa unyasi. Kwa hiyo ukifungua ukurasa, hakikisha tarehe zinalingana hadi mwezi.

Mipaka yake ni hii. Kama nia yako ni kazi ya serikali, usipoteze muda huko, kwa sababu Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za kaunti hutangaza nafasi zao wazi na kupokea maombi kwa njia zao wenyewe, na watakachokuomba ni stakabadhi za KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), EACC (kupambana na ufisadi), DCI (upelelezi wa jinai) na ofisi ya taarifa za mikopo, wala hawatajali una marafiki wangapi mtandaoni. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa pale Gigiri nayo ina tovuti yake ya maombi. Mahali ambapo LinkedIn ina nguvu hapa Nairobi ni katika makampuni ya kimataifa, mabenki, kampuni za teknolojia, mashirika yasiyo ya kiserikali, na viwanda vikubwa vyenye idara kamili za rasilimali watu. Viwanda vya kifamilia kama hicho chenu huajiri kwa kuulizana.

Kuhusu kulipia huduma za ziada za mtandao huo, sikushauri ulipe. Utapewa mwezi mmoja wa kujaribu bure, watachukua namba ya kadi yako, na usipojitoa kabla ya mwezi kwisha utaanza kukatwa. Hakuna kitu ndani ya malipo hayo kinachonifanya mimi nikuone haraka kuliko wasifu ulioandikwa vizuri.

Mtafiti_KahawaWest alijibu:

Naomba kuongeza jambo moja, kwa sababu Bwana FundiMkuu na Afisa wanaonekana kupingana ilhali wote wawili wana ushahidi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba watu wengi waliopata kazi kupitia mtu fulani hawakusaidiwa na rafiki wa karibu. Walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara chache, kwa kuwa rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, ukihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 kwa muda wa miaka mitano, ambao walikuwa wakionyeshwa mapendekezo tofauti tofauti ya watu wa kuungana nao. (Wengi wao hawakujua kwamba wanafanyiwa majaribio, na jambo hilo lilizua lawama.) Ilionekana kwamba uhusiano wa wastani, yaani wa watu wanaojuana kidogo lakini si wageni kabisa, ndio uliozaa kazi nyingi zaidi.

Lakini utafiti huo huo ulionyesha kitu kinachomhusu dada moja kwa moja. Katika sekta zinazotumia sana teknolojia ya kidijitali, wanaojuana kidogo ndio waliosaidia kuhama kazi. Katika sekta zisizoitumia sana, waliosaidia ni watu wa karibu. Mkandarasi wa umeme wa Ruai yuko upande mmoja, na mtu wa programu za kompyuta wa Westlands yuko upande mwingine. Ununuzi wa kiwandani uko katikati, na kadiri kampuni unayoilenga inavyoendesha ugavi wake kwa mifumo ya kompyuta, ndivyo ushauri wa Afisa unavyokufaa zaidi. Ukitaka kwenda kiwanda kingine cha ukubwa kama wa kwenu, wauzaji wako watakufikisha haraka zaidi.

Mwangalizi_Pipeline alijibu:

Mimi nimo humo na sijutii, ila jihadhari na matapeli. Nilitumiwa ujumbe na mtu aliyejiita wakala wa ajira, mwenye picha nzuri na wafuasi wengi, akinipongeza kwamba nimechaguliwa kuwa msimamizi wa bohari ng’ambo, kisha akaniomba nitume ada ya uchunguzi wa kimatibabu kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Nilipomwomba namba ya usajili wa kampuni yake katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, alinifungia nisimwandikie tena. Mawakala binafsi wa ajira hutakiwa kusajiliwa, kwa hiyo swali hilo peke yake hufukuza wengi. Umoja wa Mataifa nao hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, na yeyote anayedai pesa kwa jina lake ni mwizi.

Vilevile usitumie nenosiri unalolitumia kwa barua pepe yako. Mtandao huo uliwahi kuvamiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 ikabainika kwamba akaunti zilizoathiriwa zilizidi milioni 100. Namba ya kitambulisho usiiweke kabisa.

MnunuziWaDonholm alijibu:

Nawashukuru nyote, na Bwana FundiMkuu nimekusikia pia, kwa sababu tayari kuna muuzaji mmoja wa makasha ya katoni ninayemwamini. Ninaelekea kujiunga, lakini Afisa, hujanijibu kuhusu meneja.

AfisaAjira_UpperHill alijibu:

Niwie radhi, dada. Kuna mahali pa kujulisha kwamba uko tayari kwa kazi mpya, nako kuna njia mbili. Ya kwanza inaweka duara la kijani kwenye picha yako, na kila mtu ataliona, pamoja na jamaa za mwenye kiwanda, usiiguse. Ya pili inawaonyesha watafuta watumishi pekee, na mtandao hujitahidi kuwaficha walio katika kampuni yako mwenyewe, ingawa wao wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha hilo kikamilifu. Kwa hali yako, mimi nisingetumia hata hiyo ya pili. Ukurasa ulio kimya, wenye cheo chako cha sasa na ujuzi wako, haumwambii meneja chochote zaidi ya kwamba unajivunia kazi yako.

Kabla ya kuandika lolote, ingia kwenye mipangilio na uzime arifa zinazowajulisha watu kila unapobadilisha wasifu. Zima pia ile inayoonyesha jina lako ukitazama ukurasa wa mtu, maana ukichungulia kurasa za wasimamizi wa kiwanda pinzani, wao wataona ni nani aliyepita. Programu ikikuomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba na barua pepe zako, kataa. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi Marekani kuhusu barua za kukumbushia mialiko zilizotumwa kwa anwani za watu wanaojuana na wanachama. Ukitoa ruhusa hiyo, mwaliko wenye jina lako unaweza kumfikia meneja bila wewe kukusudia.

FundiMkuu_Ruai alijibu:

Afisa umesema vyema, lakini bado nasema yule muuzaji wa katoni apigiwe simu kwanza.

AfisaAjira_UpperHill alijibu:

Apigiwe, nami siwezi kupinga. Na baada ya simu, mwombe akuandikie mistari michache ya kukupendekeza kwenye ukurasa wako, aeleze ulivyokuwa ukijadiliana naye bei na ulivyolipa kwa wakati. Maneno ya muuzaji yana uzito kuliko ya mfanyakazi mwenzako, na hayamshtui meneja. Ukishaandika utangulizi wako, uweke hapa bila jina lako wala la kiwanda, tuutazame kabla hujauweka kwenye ukurasa.