MREJESHO: Mioyo ya Haley kugoma kupanda Stardew Valley

Wakuu, nilileta swali hapa: kwenye gemu ya shamba ya Stardew Valley, kwa nini mioyo (kipimo cha urafiki) ya Haley, mmoja wa wahusika, haipandi na zawadi anapata kila wiki? Asanteni sana, imeeleweka.

Kilichofanya kazi ni alizeti. Anaipenda mno, kwa hiyo inaleta pointi 80, na moyo mmoja ni pointi 250. Yenye nyota ya dhahabu (alama ya ubora) inaleta 100. Zingatieni kikomo: zawadi moja kwa siku, mbili kwa wiki, na hesabu inaanza upya Jumapili. Kumsalimia kila siku ni pointi 20 nyingine. Ukimpita kimya zinakatwa 2.

Aliyesema nitunze alizeti kwenye sanduku hadi siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 ya majira ya kuchipua, ubarikiwe. Siku hiyo zawadi huzidishwa mara 8, na alizeti hailimiki msimu huo, kwa hiyo bila akiba ya kiangazi au vuli huna kitu.

Ushauri wa mkuu wa Kirumba, kwamba samaki humfurahisha kila mtu, huku Mwanza ni kweli kabisa, lakini kwenye gemu umekubali nusu. Willy, mvuvi wa kwenye gemu, anampenda kambale kupita kiasi. Haley anachukia samaki wote, unakatwa pointi 40.

Kwa sasa amesimama mioyo 8. Hapo alizeti haisaidii tena. Lazima shada la maua la kuanzisha uchumba, linauzwa dukani kwa Pierre, 200 za dhahabu (pesa ya gemu).